Bunge Lisiuze Kalamu Yake

Ndugu zetu wa Kitui na Makueni,

Sote tulifundishwa shuleni kwamba serikali husimama juu ya mihimili mitatu: Bunge hutunga sheria, Serikali huzitekeleza, na Mahakama huzifasiri. Mafundisho hayo ni mema. Lakini mwananchi wa Mutomo au wa Kibwezi akiyapima kwa maisha yake ya kila siku ataona kwamba hayalingani na yale anayokutana nayo. Ada anayotozwa dirishani, kibali anachodaiwa njiani, masharti anayowekewa anaposajili kikundi au kanisa: mengi ya hayo hayakupigiwa kura na mbunge yeyote. Yaliandikwa ofisini, yakatiwa sahihi na waziri, yakachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo mwananchi huyo hajapata kulishika mkononi. Bunge lilifanya jambo moja tu. Karibu na mwisho wa sheria mama liliandika kwamba Waziri aweza kutunga kanuni za kutekeleza sheria hiyo.

Maneno hayo machache ndiyo tunayotaka kuyajadili, kwa maana ndani yake mamlaka ya wananchi huhamishwa kutoka kwa watu waliowachagua hadi kwa watu wasiowajua. Wanasheria huita jambo hilo kukasimu mamlaka. Sisi tunauliza swali la mwananchi wa kawaida: mtu aliyeomba kura ili akatunge sheria, akala kiapo, akapewa mshahara na gari, kwa nini akifika Nairobi humkabidhi mwingine kalamu?

Tunajibu kwamba ziko sababu za haki na ziko sababu za woga na tamaa. Wajibu wa mwananchi ni kuzitenganisha, kama mama anavyopepeta pojo kwenye ungo.

SABABU ZA HAKI

Tuanze na haki, tusije tukaambiwa kwamba tunapinga kila kitu. Bunge haliwezi kuandika kila neno la utawala. Wabunge hawakai mwaka mzima, na wengi wao si madaktari wala wahandisi wala mabwana shamba. Ugonjwa wa mifugo ukizuka leo, hatuwezi kungoja mswada usomwe mara tatu ndipo soko lifungwe. Kipimo cha dawa, kina cha kisima, na uzito wa lori juu ya daraja ni mambo yanayohitaji ujuzi na yanayobadilika upesi. Ni busara Bunge likate shauri kuu na kuweka mipaka, kisha mtaalamu ajaze yaliyobaki.

Mfano mwema tunao. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ikatunga kanuni chini ya sheria hiyo. Kampuni ya British American Tobacco ilikwenda mahakamani kuzipinga, ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufani, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Lengo lilikuwa limewekwa na Bunge, na ushirikishwaji wa umma uliopimwa mbele ya majaji ulionekana kutosha. Kanuni zilisimama hata mbele ya kampuni tajiri. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kanuni ni dhuluma. Tunasema kwamba kanuni njema ni ile inayoweza kuonyesha imezaliwa na nani.

HISTORIA YETU INASHUHUDIA

Watu wa Ukambani hawana haja ya kufunzwa na wageni habari za utawala wa amri. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba ni wengi kuliko ardhi. Wataalamu walikuwa wamepima mmomonyoko wa udongo, wakaandika ripoti, na idadi ya mifugo ikakatwa kwa amri. Ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu, wakauzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikisubiri Athi River. Ndipo Muindi Mbingu na Ukamba Members Association wakawaongoza watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha, unyang'anyi wa mifugo kwa nguvu ulikuwa umesimamishwa.

Tuzingatie jambo moja katika kisa hicho. Huenda wale wataalamu walisema kweli kuhusu udongo. Mmomonyoko ulikuwapo, na hata leo makorongo yanaonekana kwa macho. Lakini mwaka 1938 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria. Eliud Mathu, wa kwanza, aliingia mwaka 1944. Mwenye ng'ombe hakuwa na mtu wa kumuuliza, wala wa kumnyima kura, wala wa kumwambia kwamba ng'ombe ni mahari, ni akiba, na ni chakula cha mwaka wa njaa. Ujuzi bila ridhaa uligeuka uporaji. Basi kila tunapoambiwa kwamba jambo fulani ni la kitaalamu mno kwa wananchi, na tuwakumbuke ng'ombe wa mwaka 1938.

Uhuru ulipokuja, tulidhani kalamu imerudi nyumbani. Haikurudi. Mamlaka ya machifu, yaliyojengwa na sheria za kikoloni, yaliendelea. Chifu mmoja aliweza kutoa amri juu ya pombe, juu ya miti, juu ya malisho, na kuwaita watu kazini. Wazee wetu walijua tofauti kati ya mwethya, ambapo jirani humsaidia jirani kwa hiari, na kazi ya chifu, ambapo asiyefika hutozwa faini. Mwaka 1966 Bunge letu wenyewe, wala si Gavana, lilipitisha mamlaka mapana ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, iliyomwezesha waziri kutunga kanuni za kuwaweka watu kizuizini bila kushtakiwa.

Na nini kikafuata? Oktoba 1975, Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu Spika, na Martin Shikuku, Mbunge wa Butere, walikamatwa katika majengo ya Bunge lenyewe, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Bunge lililokuwa limeifua panga hiyo likaona makali yake mlangoni pake. Julai 1990 makali hayohayo yakawafikia Kenneth Matiba na Charles Rubia kwa kudai vyama vingi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ilipofika mwaka 1997, baada ya maandamano, risasi na barua za kichungaji, ndipo Bunge likapunguza mamlaka ya machifu, likaondoa leseni za mikutano ya hadhara, na kurekebisha sheria ile ya kizuizini. Kutoa mamlaka kulichukua siku chache. Kuyarudisha kulichukua zaidi ya miaka thelathini.

SABABU ZA WOGA NA TAMAA

Basi kwa nini wabunge huendelea kuyatoa?

Kwanza, kwa kukwepa lawama. Sheria ikiwa na ada ndani yake, mbunge ataulizwa kanisani Jumapili kwa nini aliipigia kura. Ada ikiwekwa na waziri kwa tangazo, mbunge husimama pamoja na waumini na kulaani. Tuliona Juni 2024 jinsi vijana walivyojua majina ya waliopigia kura Mswada wa Fedha. Juni 25 wakaingia hadi Bungeni, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi. Kura ya wazi ina uso na jina. Sasa tulinganishe na Novemba 2023, wakati tangazo la serikali lilipoweka ada ya shilingi 1,000 kwa kitambulisho cha mara ya kwanza, kilichokuwa kikitolewa bure, na kupandisha ada ya kitambulisho kilichopotea kutoka shilingi 100 hadi 2,000. Kitambulisho ndicho mlango wa kazi, wa benki na wa kura. Ni mbunge gani aliyeulizwa? Hakuna, kwa sababu hakuna aliyepiga kura. Ilibidi Mahakama Kuu isimamishe tangazo hilo. Kijana wa Mwingi asiye na shilingi 1,000 alikuwa karibu kunyimwa haki yake ya kupiga kura kwa karatasi ambayo hakuna mwakilishi wake aliyeijadili.

Pili, kwa sababu ya utii wa chama. Walio wengi Bungeni huwa ni watu wa Serikali. Kwao kumpa waziri mamlaka ni kumpa ndugu yao, nao hutumaini kwamba atawakumbuka wakati wa kugawa barabara na vyeo. Husahau kwamba uchaguzi huja, na kiti cha waziri hukaliwa na mwingine. Ujerumani, Machi 1933, Bunge lilipiga kura kuipa Serikali uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Dunia nzima inajua mwisho wake. Hata Uingereza, tulikorithi desturi hizi, Jaji Mkuu wake Lord Hewart aliandika kitabu kizima mwaka 1929 kuonya juu ya udhalimu mpya wa maofisa wanaotunga sheria gizani.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu wabunge wetu wamepata biashara nyingine. Tangu mwaka 2003, Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa, mbunge amekuwa mjenzi wa madarasa na mgawaji wa basari. Hatuzidharau basari, zimewasomesha watoto wetu. Lakini ni kazi ya utekelezaji. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilitangaza kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013 ilikwenda kinyume cha Katiba, na moja ya hoja ilikuwa hiyo ya kutenganisha mamlaka. Tazameni basi mabadilishano haya: waziri anatunga sheria, na mtunga sheria anagawa fedha. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sababu ya njaa ya siku moja. Wabunge wetu wanaiuza ya kwetu, nasi tunapiga makofi kwa sababu tumeonjeshwa dengu.

MCHANGA NA MAKAA

Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, maswali haya yalihamia karibu na milango yetu. Sasa tuna mabunge ya kaunti Kitui na Wote, na kifungu cha 185 cha Katiba kimeyapa mamlaka ya kutunga sheria za kaunti. Je, yamefanya vema kuliko lile la Nairobi?

Tuchukue mchanga. Katika nchi yetu kavu mchanga ni ghala la maji. Mto unapokauka, maji hubaki chini ya mchanga, na mama huchimba kisima kidogo akateka. Lori zinapousomba mchanga, zinasomba na maji yetu ya kiangazi. Makueni ilifuata njia ya sheria: mwaka 2015 bunge la kaunti lilipitisha Sheria ya Uhifadhi na Matumizi ya Mchanga na kuunda Mamlaka ya kuisimamia. Huo nao ni ukasimu, lakini ni ukasimu wenye wazazi. Mtu akiona Mamlaka imezembea au imependelea, anaweza kufungua sheria, akaonyesha kifungu, akamwita mjumbe wa wadi yake, akauliza.

Kitui ilifuata njia nyingine. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alitangaza kwa amri ya kiutendaji marufuku ya kusafirisha makaa na mchanga nje ya kaunti. Tulio wengi tuliunga mkono lengo hilo, kwa kuwa miti yetu ilikuwa ikiishia katika majiko ya miji mingine. Lakini amri ilitangulia mjadala. Mwezi uliofuata lori la makaa lilichomwa moto, wafanyabiashara wa Limuru wakafunga barabara kuu, na jambo la misitu likakaribia kuwa ugomvi wa makabila. Mchoma makaa maskini, ambaye hakuwa na mazao kwa sababu mvua ilikosa, hakuulizwa atakula nini. Hatusemi kwamba mjadala bungeni ungezuia kila kiberiti. Tunasema kwamba mjadala ungempa mchoma makaa, mwenye lori na mwenye msitu mahali pa kugombana kwa maneno kabla ya kugombana kwa moto.

Wala tusiwasifu mno wajumbe wa Makueni. Mwaka 2014 bunge lao na Gavana Kivutha Kibwana waligombana juu ya bajeti hadi risasi zikafyatuliwa Wote mwezi wa Septemba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo. Bunge lile lile laweza kupigania fedha kwa nguvu zote leo, na kesho likampa mtendaji kalamu bila hata kusoma ukurasa wa mwisho. Ndiyo maana hatuwezi kuwaachia wawakilishi peke yao.

KANISA NA VIKUNDI VYETU

Waumini wenzetu wanaodhani kwamba hili ni jambo la wanasiasa na wakumbuke kanuni za mashirika ya kidini zilizotayarishwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Vyama. Zilitaka viongozi wa dini wawe na vyeti vya theolojia na hati za polisi za mwenendo mwema. Makanisa na misikiti yalipinga kwa sauti moja, na Januari 2016 Rais akaagiza zirudishwe ili watu washauriwe. Baada ya vifo vya Shakahola vilivyogunduliwa mwaka 2023, hakuna Mkristo mkweli anayeweza kusema kwamba wachungaji wasichunguzwe kamwe. Tena ndiyo sababu hasa suala hilo ni zito mno kuachiwa ofisi moja. Mpaka kati ya kumlinda mtoto asife njaa kwa jina la Mungu na kumpa ofisa ufunguo wa madhabahu ni mpaka wa kuchorwa na Bunge zima, mchana kweupe, wananchi wakisikiliza.

Na kuna ukasimu mwingine usioonekana. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, na Rais akaitia sahihi Januari mwaka huohuo. Lakini sheria hiyo ilimwachia waziri atangaze siku ya kuanza kutumika. Waziri akanyamaza. Mawaziri wakabadilika, wakanyamaza. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamuru ianze, wakanyamaza. Ilianza Mei 2024, baada ya miaka kumi na moja. Kwa kuachia tarehe tu, Bunge lilimpa mtu mmoja uwezo wa kuifungia kabatini sheria iliyopitishwa na wawakilishi wa taifa zima.

KATIBA INASEMA NINI

Hatuko mikono mitupu. Kifungu cha 94 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu au chombo chochote, isipokuwa Bunge, kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini ya Katiba au ya sheria. Tena kinadai kwamba sheria inayotoa idhini hiyo itaje wazi madhumuni yake, mipaka yake, aina ya sheria inayoweza kutungwa, na kanuni zitakazoiongoza. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu hati za kisheria inamtaka mtunga kanuni ashauriane na wanaohusika, na kanuni zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, zisipofikishwa, hukoma. Na kila kanuni hufa baada ya miaka kumi isipoongezewa muda.

Lakini sheria hiyohiyo ina tundu. Kamati ya Bunge ikipewa kanuni na isitoe ripoti kwa siku 28, kanuni huhesabiwa kuwa imetimiza masharti. Yaani usingizi wa mbunge umefanywa kuwa kura ya ndiyo! Mkulima akilala msimu mzima, shamba halimhesabii kuwa amepanda.

Wako wataosema kwamba wabunge wetu hawana elimu ya kutosha, afadhali wataalamu. Tunawajibu: Bunge laweza kuajiri wataalamu wake, na linao. Mtaalamu ashauri, mwakilishi aamue, mwananchi ahukumu. Mpangilio huo ukivurugwa, mtaalamu mwenyewe hukosa ulinzi, kwa maana siku mkubwa atakapomwamuru aandike uongo, hatakuwa na Bunge la kumtetea.

TUNADAI HAYA

Kwa hiyo tunawataka wabunge na maseneta wa Kitui na Makueni wafute tundu la siku 28, ili kanuni isiyochunguzwa isisimame. Tunataka kila sheria itaje yenyewe siku itakayoanza kutumika. Tunataka ada yoyote inayogusa haki ya uraia iwekwe kwa kura ya wazi. Na tunayataka mabunge ya kaunti yetu yageuze amri nzuri za magavana kuwa sheria, au yazikatae, lakini yasizitazame tu.

Kwenu ninyi, ndugu na dada, tunaagiza kazi ndogo. Kila parokia, kila usharika, kila kikundi kichague watu wawili wa kufuatilia kanuni mpya zinazowagusa. Mkiitwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, nendeni na maandishi, mdai nakala yenye mhuri kwamba yamepokelewa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki kama hiyo mbele ya kaunti. Na mgombea atakapokuja kuomba kura, msimuulize amejenga madarasa mangapi. Muulizeni amesoma kanuni ngapi, na ngapi kati ya hizo alizipinga.

Kalamu ile ni yetu. Tuliwaazima tu.